Dubu, Kura na Kanuni za Msitu wa Maine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mwaka miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya na Watanzania wa Portland, Lewiston na miji ya jirani. Wengi tulifika hapa tukikimbilia usalama au kazi, hatukuja kwa ajili ya dubu. Lakini jimbo hili lina dubu weusi zaidi ya 30,000, na wananchi wake wamewahi kupanga foleni mara mbili kupiga kura juu ya namna wanavyowindwa. Anayeishi hapa ana haki ya kujua mambo hayo yanaamuliwa wapi, na mlango wake ni upi.

Kwa nini watu wazima wanagombana hivi kuhusu dubu?

Kwa sababu dubu wa Maine amebadilishiwa hadhi ndani ya maisha ya watu ambao bado wapo. Kuanzia 1770 hadi 1957 alihesabiwa kuwa mharibifu, na aliyemuua alilipwa. Leo ni mnyama wa kuwindwa kwa utaratibu: leseni, kibali, msimu na kuandikisha kila aliyeuawa. Kwa miaka mingi idadi ya wanaouawa imekuwa karibu 3,000 kwa mwaka.

Wamaine wengi hawapingi uwindaji wenyewe. Ugomvi uko kwenye njia tatu: kumvuta dubu kwa chambo, kumkimbiza kwa mbwa, na kumnasa kwa mtego. Wakati wa kura ya 2014, Maine lilikuwa jimbo pekee la Marekani lililoruhusu zote tatu kwa pamoja.

Hicho chambo ni kitu gani hasa?

Ni chakula kinachowekwa msituni mahali pamoja, siku baada ya siku, mpaka dubu azoee kupita hapo: donati zilizolala, mikate, mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, peremende. Mara nyingi hutiwa ndani ya pipa. Jioni mwindaji hupanda kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, akatulia na kusubiri.

Kanuni zake ni za kina. Chambo kinaweza kuanza kuwekwa siku 30 kabla ya msimu, na msimu wenyewe hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Lazima kiwe umbali wa yadi 50 au zaidi kutoka njia ya gari, na yadi 500 kutoka kambi ya wageni au jalala. Nyumba inayokaliwa na watu nayo ina yadi 500 zake, isipokuwa mwenyewe ametoa ruhusa ya maandishi. Mahali hapo pawe na kibandiko cha inchi 2 kwa 4 chenye jina na anwani ya aliyeweka, na ifikapo Novemba 10 pawe pamesafishwa. Kwa hiyo ukienda kuokota uyoga mwezi wa tisa ukakuta pipa linanuka sukari na kibandiko kimepigiliwa mtini, usiliguse. Rudi ulikotoka bila kelele, kwani huenda kuna mtu juu yako mwenye bunduki.

Wawindaji wa mbwa hawaruhusiwi kutumia zaidi ya mbwa sita kwa mkupuo, na anayetega lazima akague mtego wake kila siku.

Pande mbili zinasema nini?

Wanaopinga wanasema kumlisha mnyama donati mwezi mzima kisha kumpiga risasi akiwa ameinamisha kichwa si uwindaji wa haki. Pia wanasema vyakula hivyo vinamzoesha dubu harufu ya binadamu na kumnenepesha, na dubu jike mwenye mafuta mengi huzaa zaidi. Hoja hii ya mwisho ina uzito: kama lengo ni kupunguza dubu, kwa nini uwalishe?

Wanaounga mkono wanajibu kwamba msitu wa Maine ni mzito mno. Ukitembea tu na bunduki ukitarajia kukutana na dubu, unaweza kumaliza miaka bila kumwona, ndiyo maana dubu wengi wanaouawa hapa huuawa kwenye chambo. Ondoa chambo, wanasema, na dubu wataongezeka mpaka waingie mijini. Halafu kuna riziki. Kaskazini, katika kaunti kama Aroostook na Piscataquis, viwanda vya karatasi vimefungwa na kazi ni chache. Waongoza wawindaji, ambao Maine imekuwa ikiwapa leseni tangu 1897, hutegemea wiki nne za chambo kulipa madeni ya mwaka. Mtu wa Portland anayewaambia waache, bila kuwaambia watakula nini, hajamaliza kufikiri.

Kura zenyewe zilikwendaje?

Mwaka 2004 wananchi waliulizwa kama wanataka chambo, mbwa na mitego viwe kosa la jinai. Walikataa, takriban asilimia 53 kwa 47. Mwaka 2014 swali lilirudi kwa maneno mengine, wakakataa tena kwa tofauti inayokaribia ileile. Mara zote mbili miji ya kusini ilielekea kwenye marufuku na mashamba ya kaskazini yakakataa, na jimbo likabaki limegawanyika kama lilivyokuwa.

Jambo moja la 2014 halikusahaulika. Idara ya Uvuvi wa Maji Baridi na Wanyamapori, ambayo ndiyo msimamizi wa dubu, haikukaa kando. Wataalamu wake walionekana kwenye matangazo ya televisheni wakiwaambia wananchi wapige kura ya hapana. Upande wa ndiyo, ambao mfadhili wake mkubwa alikuwa Humane Society of the United States, shirika la kutetea wanyama, ulikwenda mahakamani kudai kwamba fedha na watumishi wa umma wanatumika katika kampeni. Jaji alikataa kuyazuia matangazo hayo.

Msimamo wangu ni huu: mtaalamu aliyeingia kwenye mapango ya dubu kwa miaka 20 ana wajibu wa kusema anachokijua, na sauti yake inahitajika kuliko ya mtu wa matangazo. Lakini awasilishe takwimu, ajibu maswali ya pande zote mbili, kisha aache kura kwa wapiga kura. Akivaa sare ya serikali ndani ya tangazo la kampeni, siku ya pili atakapotoa hesabu ya dubu nusu ya jimbo itamtilia shaka. Na hesabu hiyo ni ya thamani kubwa. Utafiti wa Maine ulianza 1975 na haujakatika. Kila mwishoni mwa majira ya baridi wanasayansi huwafuata majike waliovishwa kola za redio mpaka kwenye mapango, humdunga mama sindano ya usingizi, hupima uzito wake, na huwaficha watoto wake ndani ya makoti yao wasipate baridi mpaka kazi iishe.

Kura kama hiyo huanzishwaje?

Kwa saini. Zinahitajika saini za wapiga kura walioandikishwa zinazolingana na asilimia 10 ya kura zote za uchaguzi uliopita wa gavana. Mwaka 2014 zilihitajika zaidi ya 57,000. Pendekezo hupelekwa kwanza katika Bunge la jimbo. Bunge lisipolipitisha jinsi lilivyo, linakwenda kwa wananchi. Likishinda, gavana hana kura ya turufu juu yake, ingawa Bunge linaweza kuja kuibadilisha sheria hiyo baadaye.

Mimi si raia. Basi haya hayanihusu?

Hapa ndipo watu wetu wanapopotea, naomba usome jibu lote.

Kura huwezi kupiga. Saini kwenye ombi la kura huwezi kuweka. Watu wenye ubao wa karatasi na kalamu wakikusimamisha nje ya maktaba au dukani, hata wakikuchekea na kukuita rafiki, sema hapana. Saini hiyo ni ya wapiga kura walioandikishwa pekee, na mwenye kesi ya hifadhi hana sababu ya kuhatarisha faili lake kwa ajili ya dubu.

Lakini kura hiyo imepigwa mara mbili tu katika miaka zaidi ya 20. Katika miaka hiyo hiyo, kanuni kuhusu msimu, idadi, vibali, mito, vinamasi na kingo za maziwa zimekuwa zikiandikwa na kuandikwa upya kwa njia nyingine, ambayo haiulizi pasipoti. Sheria ya Maine inayosimamia utungaji wa kanuni inasema kila mtu mwenye nia anaweza kutoa maoni. Vikao vya kamati za Bunge vinasikiliza yeyote anayefika. Muomba hifadhi aliyefika juzi anaweza kukaa mbele ya maseneta akasema la moyoni, na maneno yake yataingia kwenye kumbukumbu rasmi sawa na ya tajiri mwenye hekta za msitu.

Hiyo njia nyingine inafanyaje kazi?

Mambo makubwa, kwa mfano kuruhusu au kukataza mtego, huwa ni sheria na hupita Bungeni, kwanza katika kamati ya pamoja ya uvuvi na wanyamapori yenye wajumbe 13. Mambo ya utekelezaji huwa ni kanuni za kamishna wa idara. Kamishna naye hajiamulii peke yake: kuna baraza la ushauri la watu 10 wanaoteuliwa na gavana, wakiwakilisha kaunti zote 16 za jimbo. Kanuni hupita mbele yao kwa hatua tatu katika vikao tofauti: inatajwa, inajadiliwa, kisha inapigiwa kura. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu ndipo mwananchi anapoingia.

Matangazo ya kanuni zinazopendekezwa hutoka magazetini kila Jumatano, kwa lugha kavu inayochosha. Yasome hivyo hivyo. Watu watano tu wakiomba kikao cha hadhara, idara inalazimika kukiitisha. Familia moja ya Kikongo inatosha! Baada ya kikao, muda wa kupokea maandishi hubaki wazi kwa siku 10 au zaidi.

Na kuna mlango ambao hata Wamaine wa kuzaliwa hawaujui: wapiga kura 150 wakisaini ombi la kutunga au kubadilisha kanuni, idara lazima ianzishe utaratibu ndani ya siku 60. Linganisha 150 na 57,000. Vijana wetu waliokwisha kuapa uraia Lewiston peke yake wanaweza kufikisha idadi hiyo baada ya ibada moja na swala moja ya Ijumaa. Hailazimishi idara kukubali, inailazimisha kuanza mchakato na kusikiliza.

Kuna mtu anayasoma maoni yetu kweli?

Lazima. Idara inapopitisha kanuni inatakiwa kuandika maelezo ya sababu, kuwataja waliotoa maoni, kueleza walisema nini, na kujibu kwa nini imeyakubali au kuyakataa. Ikibadilisha kanuni kiasi cha kuifanya tofauti kabisa na iliyotangazwa, inabidi ifungue maoni upya. Ikiruka hatua hizo, kanuni inaweza kuangushwa mahakamani.

Ndiyo maana barua 300 zinazofanana neno kwa neno hazina nguvu ya barua moja yenye jambo mahususi. Barua 300 za aina moja hujibiwa kwa aya moja. Lakini ukiandika, "Ninaishi barabara fulani, dubu amepindua pipa letu la taka mara mbili mwezi Mei, na jengo lina familia nane ambazo mwenye nyumba hajazipa pipa la kufungika," hapo kuna kitu ambacho ofisa hawezi kukimaliza kwa jibu la jumla.

Nikienda Augusta kuzungumza, kunakuwaje?

Augusta ndiyo makao makuu. Unajiandikisha, unasubiri, wakati mwingine saa tatu au nne, jina linaitwa, unakaa mezani mbele ya wajumbe waliopangwa nusu duara. Utaratibu wa hapa ni kuanza kwa kumtaja mwenyekiti kutoka Seneti, kisha wa kutoka Baraza la Wawakilishi, kisha wajumbe waheshimiwa, halafu jina lako na mji unaoishi. Wazee wetu wanaojua kuanza hotuba kwa heshima hawapati tabu hata kidogo. Unasema unaunga mkono, unapinga, au huegemei upande wowote. Kwa kawaida una dakika tatu. Wajumbe wanaweza kukuuliza swali, na kama hujui jibu, kusema hujui ni jibu halali.

Usipoweza kufika unaweza kutuma maandishi. Kumbuka tu kwamba yanawekwa hadharani pamoja na jina lako. Mwenye sababu ya kutotaka jina lake lionekane atafute wa kumsemea.

Kiingereza changu hakitoshi.

Omba mkalimani mapema, kwa maandishi, siku kadhaa kabla. Idara hupokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za ushuru wa bunduki na risasi chini ya sheria ya 1937, na anayepokea fedha hizo hafai kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, kulingana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kama muda hautoshi, mwanao au jirani akuandikie mistari mitano. Mistari mitano inatosha.

Mbona mnazungumzia makazi ya wanyama wakati watu wanabishania uwindaji?

Kwa sababu ndiyo sehemu nzito zaidi, na ndiyo inayokosa wasemaji. Dubu jike wa kaskazini mwa Maine hutegemea njugu za mti wa bichi kupata mafuta ya kumtosha alale pangoni majira yote ya baridi. Mwaka zikizaa vizuri, Januari inayofuata watoto huzaliwa wengi. Zikikosekana, watoto hupungua. Miti hiyo sasa inashambuliwa na ugonjwa wa majani uliothibitishwa Maine mwaka 2021, juu ya ugonjwa wa magome wa tangu zamani. Hakuna kura ya wananchi iliyowahi kuitishwa kuhusu bichi. Kinachoamua ni nani anakata nini, wapi, na anaacha nini kimesimama.

Mfano ninaoupenda ni vidimbwi vya masika. Theluji ikiyeyuka mwezi wa nne, maji hujaa kwenye mabonde madogo msituni yasiyo na samaki, kisha hukauka kiangazi. Simama kando ya kimoja wapo usiku wa mvua ya kwanza ya uvuguvugu utasikia vyura wa msituni wanatoa sauti kama bata. Asubuhi utaona mayai yao yameshikamana kwenye vijiti chini ya maji, mafungu ya ute ya ukubwa wa ngumi. Tangu Septemba 2007, kidimbwi chenye mafungu 40 ya mayai ya chura huyo, au 20 ya salamanda (kiumbe wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi) wa madoa, au 10 ya salamanda wa madoa ya buluu, au hata uduvi mmoja wa maji ya theluji, kinalindwa. Shughuli ndani ya futi 250 kutoka ukingoni mwake inahitaji kibali, maana salamanda hushinda karibu mwaka mzima ndani ya msitu unaokizunguka, majini huja kuzaa tu.

Kanuni hiyo ilipigwa vita na wajenzi na wenye ardhi, na bado watu hujaribu kuipunguza Bungeni. Wanaojitokeza kuitetea ni wachache sana ukilinganisha na umati wa siku za dubu.

Nani anaamua kuhusu ardhi yenyewe?

Inategemea uko wapi. Mjini, bodi ya mipango ya mji wako hupitia maombi ya ujenzi, ikifuata pia sheria ya kingo za maji ya 1971 inayosimamia ujenzi ndani ya futi 250 za maziwa makubwa, mito na bahari, na futi 75 za vijito. Vikao hivyo viko wazi, hufanyika jioni, na mara nyingi viti vya wasikilizaji vinakuwa vitupu. Mpangaji naye anaruhusiwa kusema.

Lakini zaidi ya nusu ya ardhi ya Maine, kama ekari milioni 10, haina serikali ya mji kabisa. Huko anayeamua ni Tume ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi yenye wajumbe tisa. Ndiyo inayotenga, kwa mfano, vichaka vya misonobari ambamo kulungu hujibanza theluji ikiwa nene.

Na wenyeji wa asili?

Wapenobscot na Wapassamaquoddy, ambao ni miongoni mwa watu wa Wabanaki, wana mamlaka yao ya kutunga kanuni za uwindaji ndani ya maeneo yao, chini ya mapatano ya 1980. Ukisikia mtu anasema "Maine imeamua," uliza kama na wao waliulizwa.

Nimesikia Maine ina haki ya chakula kwenye katiba. Inaniruhusu kuwinda ninavyotaka?

Hapana. Kifungu hicho kilipitishwa na wapiga kura Novemba 2021, cha kwanza cha aina yake Marekani. Wanandoa wawili wakakitumia kudai haki ya kuwinda Jumapili, jambo lililokatazwa hapa tangu karne ya 19. Mahakama ya Juu ya jimbo ilijibu Machi 2024 kwamba katazo la Jumapili linabaki.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977 bila kura yoyote. Kwa nini hapa wasifanye hivyo?

Wangeweza, kupitia Bunge. Lakini sisi tuliotoka huko tunakumbuka jamii nyingi zilizokuta mipaka ya hifadhi imeshachorwa kabla hazijaulizwa chochote. Mimi nauchagua utaratibu huu wa Maine pamoja na uchovu wake wote. Ni wa polepole, lakini mfugaji wa nyuki na mwindaji wanasubiri foleni moja.

Dubu akija nyuma ya nyumba nimpigie nani?

Usimkimbie. Jifanye mkubwa, piga kelele, mwachie njia ya kuondokea, ingiza watoto ndani. Idara hupokea malalamiko ya dubu karibu 500 kwa mwaka na yanayotokana na chakula kilichoachwa nje ni mengi: toa taka asubuhi ya siku ya kubebwa, si usiku wake, choma mabaki ya nyama kwenye jiko mpaka yaishe, ondoa vyombo vya chakula cha ndege kuanzia Aprili 1 hadi Novemba 1. Dubu akirudi, piga simu ofisi ya walinzi wa wanyamapori ya eneo lako. Kama tatizo ni pipa la taka la jengo lisilofungika, andika tarehe, piga picha, uzipeleke ofisi ya mji, na utunze nakala kwa ajili ya kikao kijacho.